Matairi ya baridi ya bei nafuu kwa vani ya zamani: nianzie wapi?

#1 Mzigo_Mwepesi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Nina vani ya miaka 19, dizeli, gia za mkono, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Haina mifumo ya kisasa ya kuzuia gari lisiserereke, ina ABS tu, ile inayozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Ndiyo inayonipa riziki: nabeba majokofu na mashine za kufulia, nafikisha majumbani, nafunga, naondoka. Baridi iliyopita niliimaliza na matairi ya kiangazi. Mara mbili nilikwama kwenye maegesho tambarare kabisa, tairi zinazunguka na gari limesimama. Mara ya tatu nilikuwa nashuka mteremko mdogo, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, nikakanyaga breki na gari likaendelea kwenda. Lilikwenda taratibu mpaka ukingo wa barabara ukalisimamisha. Hatua chache mbele palikuwa na kivuko cha watoto wa shule. Wakati ule hakukuwa na mtu, lakini tangu siku hiyo nikisikia theluji inatangazwa usingizi unakata.

Pesa niliyonayo ni ndogo. Vani yenyewe naipa baridi mbili, tatu ikibahatika, kwa hiyo sitaki kuivalisha matairi yenye thamani kuliko yenyewe. Nimeona njia tatu:

Kwanza, kununua mawili mapya ya kampuni kubwa na kuyafunga nyuma tu, kwa kuwa huko ndiko kwenye nguvu. Pili, kuna mtu anauza manne ya mtumba, jina kubwa, meno yamebaki milimita 6, bei nzuri sana. Yameandikwa 195/65 R15 91T. Yangu ya sasa ni 195/70 R15C, nimeona tofauti ni ndogo. Tatu, manne mapya ya kampuni ambayo sijawahi kuisikia, bei karibu mara mbili ya hayo ya mtumba.

Mwenye uzoefu na vani, naomba anieleze bila kunificha.

#2 Dereva_wa_Alfajiri

Mkuu, mimi nimeendesha vani ya kusukuma nyuma kwa baridi sita. Matairi mawili ya theluji nyuma, mifuko minne ya mchanga juu ya ekseli, nimefika kila nilikotaka. Anza na mawili, mengine utanunua mwakani.

#3 Fundi_Ringi

Nimefunga matairi kwa miaka mingi, na vani za kazi ndizo nilizozishika zaidi. Mkuu Mzigo_Mwepesi, kabla hatujagusa bei, achana na hayo ya mtumba ya 91T leo hii. Mpigie simu muuzaji umwambie umeghairi.

Sababu ni hiyo namba 91. Ni kipimo cha uzito ambao tairi moja linaruhusiwa kubeba, na 91 maana yake ni kilo 615. Nenda kwenye kibati cha gari lako, mara nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, au fungua kadi ya gari, utafute uzito wa juu wa ekseli ya nyuma. Ugawe kwa mbili. Hiyo ndiyo kilo ambayo tairi moja la nyuma lazima liweze kubeba. Vani yenye jokofu mbili na mashine tatu haibebwi na tairi lililotengenezwa kwa ajili ya gari dogo la familia.

Herufi C baada ya 15 nayo ina maana yake. Inaonyesha tairi la gari la kazi: ubavu wake umeimarishwa na linapokea upepo mwingi zaidi. Tairi la gari dogo kwenye vani linakunjika ubavu, linapata joto ndani, na siku moja linapasuka. Halitapasuka mbele ya muuzaji, litapasuka siku umejaza mzigo.

Hata ukubwa haulingani. Wewe unaona 65 na 70, yaani urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana wa tairi, lakini tairi hilo ni fupi kwa karibu sentimita 2 kwa jumla ya kipenyo. Spidomita itakudanganya na sehemu nyingi ukikaguliwa halipiti.

Sasa suala la mawili nyuma. Ndugu yangu Dereva_wa_Alfajiri namheshimu na simkatalii kwamba alifika. Ila tuangalie gari linafanya nini. Ukikanyaga breki, uzito wote unakimbilia mbele. Breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa, na tairi za mbele ndizo zinazogeuza gari. Matairi ya baridi nyuma peke yake yatakutoa kwenye maegesho vizuri, yatakupandisha mlima, halafu yatakufikisha kwenye kona na mwendo ambao tairi za mbele haziwezi kuumudu. Wewe mwenyewe umesema kilichokunyima usingizi ni ule mteremko. Pale ulikuwa unasimama, hukuwa unaondoka. Mawili ya nyuma yasingekusaidia kitu pale.

Manne, aina moja. Hapo mimi sina nafasi ya kusogea.

#4 Mzigo_Mwepesi

Fundi, nimetoka nje na tochi. Kibati kinasema ekseli ya mbele kilo 1,450, ya nyuma 1,550. Jumla isizidi 2,800. Nusu ya 1,550 ni 775, na hayo ya mtumba yanabeba 615 kila moja. Yaani ningekuwa naendesha na upungufu wa kilo 160 kwa kila tairi la nyuma bila kujua.

Matairi yaliyomo sasa yameandikwa 104/102R. Mbona namba mbili?

#5 Fundi_Ringi

Namba ya kwanza ni tairi likifungwa peke yake, ya pili ni yakifungwa mawili mawili kama kwenye lori dogo. Wewe soma ya kwanza. 104 ni kilo 900. Kwa kilo zako 775 unahitaji angalau 99, lakini fuata kilichoandikwa kwenye kadi ya gari. Kama kadi inataka 104, usishuke. R ni mwendo wa juu, kilomita 170 kwa saa. Kwa vani inatosha na inabaki.

#6 Bint_Safari

Naomba niongeze kwa upande wa wenye vani za kuvuta mbele, maana nao watasoma uzi huu wakadhani hayawahusu.

Mimi nilifunga mawili mbele. Nilikuwa nimetoka tu kwa fundi, gari linashika barabara kama limegandishwa gundi, nikajiona nimemaliza. Siku ya tatu naingia mzunguko wa barabara, mvua ya theluji, mwendo wa kilomita 30. Nikalegeza mafuta na kugusa breki. Mbele palishika, nyuma pakaendelea na safari yake. Vani ilizunguka nusu duara, nikajikuta nawatazama waliokuwa nyuma yangu. Nyuma kulikuwa na mdogo wangu na vitu vyake vya kuhamia. Hakuna aliyegongwa, namshukuru Mungu mpaka leo.

Kwa hiyo kaka, iwe inavuta mbele au inasukuma nyuma, mawili ni hatari kila moja kwa namna yake. Na vani tupu ni nyepesi mno nyuma, inazunguka upesi kuliko gari dogo.

#7 Dereva_wa_Alfajiri

Pole sana dada. Nimekusoma, na wewe Fundi nimekusoma. Nikikumbuka vizuri, mimi nilikuwa naanza safari saa kumi alfajiri barabara ikiwa tupu, nikiteleza nateleza peke yangu. Si kila mtu ana bahati hiyo.

Mchanga lakini bado nautetea.

#8 Fundi_Ringi

Mchanga ni mzuri kwa vani inayosukuma nyuma, na mimi nashauri hivyo. Masharti yake: uwe juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, si mkiani kabisa kwa sababu huko unainua pua ya gari na kupunguza uzito wa tairi za mbele. Ufungwe kwa mikanda, maana mfuko wa kilo 25 ukiruka wakati wa breki unakuja shingoni kwako. Na siku ya mzigo mzito ushushe, kwani nao unahesabiwa kwenye zile 1,550.

#9 Mpira_na_Baridi

Nimefurahi kuona uzi huu umeanza na uzito, watu wengi wanaanza na jina la kampuni. Mimi naomba niseme kidogo kuhusu mpira wenyewe, kwa sababu hapo ndipo pesa inapopotea.

Watu wanadhani tairi la baridi ni meno marefu tu. Meno ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mchanganyiko wa mpira. Mpira wa tairi la kiangazi ukipoa unakakamaa; kuanzia nyuzi 7 hivi kushuka chini unapoteza uwezo wa kujibana na vinundu vidogo vya barabara, hata kama barabara ni kavu. Wa tairi la baridi umechanganywa ubaki laini. Juu yake kuna mikato myembamba kama ya wembe, mamia kwa mamia. Tairi likikanyaga, mikato inafunguka na kuuma theluji. Theluji inashikana na theluji vizuri kuliko inavyoshikana na mpira, ndiyo maana tairi zuri la baridi hubeba theluji ndani ya meno yake kwa makusudi.

Kwenye ubavu tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Ulianza kutumika mwaka 1999 Amerika Kaskazini, na leo unatambulika sehemu nyingi duniani. Tairi haliwekewi mchoro huo bila kupimwa kwenye theluji na kulishinda tairi la kulinganishia kwa kiwango kilichowekwa. Herufi M+S peke yake, za matope na theluji, mtengenezaji anaziandika mwenyewe bila kipimo chochote. Ndiyo maana Ujerumani, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, M+S bila mlima haihesabiki tena kuwa tairi la baridi. Quebec, jimbo la Kanada, nako, kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi matairi ya baridi ni lazima, na wanadai mchoro huo. Angalieni sheria ya mnakoishi na ya mnakopita, kwa sababu bima nayo huuliza.

Jambo moja ninalolipenda: tairi la kwanza la baridi duniani lilitoka Finland mwaka 1934, kiwanda ambacho leo ni Nokian, na lilitengenezwa kwa ajili ya malori. La magari madogo lilifuata mwaka 1936. Gari la mzigo ndilo lililokuwa na shida kwanza.

#10 Msomaji_wa_Kimya

Samahani kuingilia. Vipi yale ya misimu yote? Kununua mara moja, kufunga mara moja, si ndiyo nafuu yenyewe?

#11 Mpira_na_Baridi

Kwa anayeishi sehemu ambayo theluji inaanguka siku chache na barabara zinasafishwa mapema, ndiyo, mradi yawe na mlima na chembe ya theluji, na namba ya uzito iwe sahihi. Kwa mtu anayefunga majokofu kwenye mitaa ya ndani kabla jembe la theluji halijapita, hapana. Na yakitumika kiangazi chote chini ya mzigo, baridi ya pili yanaingia yameshaliwa.

#12 Mzigo_Mwepesi

Wakuu, nimemwachia yule wa 91T. Nimepata mengine: manne ya mtumba, 195/70 R15C, 104/102R, yana mlima, jina kubwa. Meno milimita 6. DOT, ile namba ya ubavuni yenye tarehe ya kutengenezwa, inaishia na 4016. Anataka nusu ya bei ya mapya ya kampuni ileile. Hapa napo mnasemaje? Mbona naona kama ni dili.

#13 Fundi_Ringi

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, mkuu, maana hili ndilo kosa ninaloliona kila mwaka kwa watu wenye pesa ndogo, na linaniuma kwa sababu wanaoumia ni walewale.

Tairi la baridi jipya la vani huja na meno ya milimita 9 hivi. Sheria nyingi zinaruhusu mpaka 1.6, Sweden na Finland kwa baridi wanataka 3, Austria wanataka 4. Waaustria ndio walio karibu na ukweli wa barabarani. Chini ya milimita 4 ile mikato ya wembe imekaribia kwisha, mifereji haina nafasi ya kubeba theluji, na tairi linabaki na jina tu. Kwa hiyo kwenye jipya unanunua milimita 5 za kazi: kutoka 9 hadi 4. Kwenye hayo yako ya 6 unanunua milimita 2.

Milimita 2 kwa nusu ya bei, au milimita 5 kwa bei kamili. Piga hesabu ya bei ya milimita moja. Mtumba wako ni ghali kuliko jipya la kampuni ileile! Ili hayo ya milimita 6 yalingane tu na mapya, bei yake isizidi mbili ya tano. Na hapo sijahesabu umri.

4016 maana yake wiki ya 40 ya mwaka 2016. Mpira wa baridi unaishi kwa mafuta na kemikali zinazoufanya ubaki laini, na hizo zinatoka kidogo kidogo hata tairi likiwa limelala stoo. Watengenezaji wengi wanasema tairi likifika miaka 10 litolewe hata kama meno yapo. Kwa tairi la baridi mimi binafsi sifungi la zaidi ya miaka 6. Linakuwa na meno ya baridi na mpira wa kiangazi.

#14 Mzee_wa_Gia

Fundi, heshima yako ipo, lakini hapo kwenye umri umekaza sana. Nimewahi kununua ya miaka saba yaliyokuwa yamelala ndani, giza, yamefunikwa, na yalinifaa baridi mbili. Na nimeona ya miaka mitatu yaliyoachwa juani yamepasukapasuka. Si wote wanaoweza kununua mapya. Tukisema mtumba ni haramu, mtu atabaki na kipara chake.

#15 Fundi_Ringi

Mzee wangu, shikamoo. Hilo ni kweli na nakubali nilisema kwa mkato. Mtumba si haramu. Anayenunua mtumba afanye hivi: atake kuyaona nje ya ringi, asikubali yaliyofungwa tayari. Apitishe mkono ndani. Akiona mstari mweusi uliozunguka ubavu kwa ndani, au vumbi la mpira, tairi hilo liliendeshwa bila upepo, aliache hapo hapo. Kiraka cha pancha katikati ya meno kinavumilika, kwenye ubavu hapana. Abonyeze ukucha kwenye meno asubuhi ya baridi; ukucha ukikataa kuingia hata kidogo, mpira umekufa. Asome DOT ya kila moja, mara nyingi mawili ni ya mwaka mmoja na mawili ya mwingine. Uvimbe ubavuni haujadiliwi.

Yakipita yote hayo, yakawa na milimita 7 au zaidi, na bei ikawa theluthi moja, mimi mwenyewe nitamfungia.

#16 Mzee_wa_Gia

Marahaba. Hapo tuko pamoja.

#17 Mpira_na_Baridi

Mleta uzi, nirudi kwenye njia yako ya tatu, manne mapya ya kampuni usiyoijua. Kati ya jina kubwa na jina lisilojulikana kuna ngazi ya katikati ambayo watu wanaipita. Kampuni kubwa zina majina ya pili. Barum na Semperit ni za Continental. Kleber ni ya Michelin. Sava, Fulda na Debica ni za Goodyear. Hutapata teknolojia ya mwaka huu, lakini nyuma yake kuna mtu anayejua kuchanganya mpira, na kwa vani ya miaka 19 inatosha kabisa.

Ukishindwa hapo ukalazimika kuchukua jina usilolijua, soma lebo. Lebo ya Ulaya, toleo linalotumika tangu Mei 2021, ina herufi A hadi E ya kushika barabara yenye maji, na mchoro wa theluji kwa yaliyopimwa. Matairi mengi ya bei ya chini yana mlima na theluji lakini kwenye maji yana D au E. Usiyadharau maji. Siku nyingi za baridi barabara imelowa tu, theluji ni ya siku chache, na umbali wa kusimama kwenye lami iliyolowa ndio utakaokutana nao kila siku.

Jambo lingine la kukuokoa pesa: kama kitabu cha gari kinaruhusu saizi mbili au tatu, chagua nyembamba kuliko zote. Tairi jembamba linakata theluji laini na tope la barafu likaifikia lami, pana linaelea juu yake. Na jembamba huwa nafuu.

#18 Bint_Safari

Kaka, tafuta na ringi za chuma za mtumba kama unaweza. Mimi nilikuwa nalipa kuvua na kuvalisha mara mbili kwa mwaka, na kila mara ukingo wa tairi unachubuka. Baada ya misimu miwili ringi zilikuwa zimejilipa, na sasa nabadilisha mwenyewe nyumbani kwa jeki na spana.

#19 Fundi_Ringi

Dada amesema kweli. Ila kwa ringi za mtumba zingatia mambo haya. Idadi na nafasi ya mashimo ya nati, tundu la katikati, na kina cha ringi, vyote vilingane na za kwako. Ringi ikikaa ndani zaidi, tairi litasugua springi au bomba la breki. Ringi nayo ina uzito wake wa kubeba, umegongwa kwenye chuma. Ringi ya gari dogo inaweza kuingia kwenye vani mashimo yakalingana kabisa na bado ikawa dhaifu. Nati za ringi za alumini mara nyingi haziingiliani na za chuma, angalia umbo la pale inapokalia, kama ni la koni au la mviringo.

Na vali! Hili wanalisahau hata baadhi ya mafundi. Vali za kawaida za mpira zimetengenezwa kwa psi 65 hivi. Vani nyingi zikijazwa mzigo zinataka karibu na hapo au zaidi. Dai vali za gari la kazi, za chuma au za mpira mgumu. Gharama yake ni ndogo sana.

#20 Msomaji_wa_Kimya

Na yale ya misumari?

#21 Mzee_wa_Gia

Kwa barafu tupu, ile inayong'aa kama kioo, hakuna kinachoyashinda. Kwenye lami kavu yana kelele, yanakula barabara, na yanasimama vibaya. Kuna nchi yamekatazwa na nyingine yanaruhusiwa kwa miezi maalumu, uliza kwanza. Yakiwa mapya nenda nayo polepole kilomita 500 za mwanzo ili misumari ikae. Na usichanganye: funga manne yenye misumari, au usifunge hata moja.

#22 Mzigo_Mwepesi

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano. Nilitaka kwanza niendeshe ndipo niseme.

Nilichukua manne mapya, jina la pili la kampuni kubwa, 195/70 R15C 104/102R, mlima na theluji, B kwenye maji. DOT ya mwaka jana, duka lilikuwa linayaondoa stoo, na kwa kuwa nilienda wiki kadhaa kabla ya theluji ya kwanza, hakukuwa na foleni na nilipata nafasi ya kujadiliana. Ringi za chuma nilizitoa kwenye vani ya aina ileile iliyokuwa imekatwa kuuzwa vipuri. Nilizisugua kutu kwa brashi ya waya, na sehemu ya gari zinapokalia pia. Vali nilidai za gari la kazi. Kijana wa pale alishangaa kidogo, akazileta. Jumla ilizidi ile bei ya mtumba wa 2016, lakini nikigawa kwa milimita kama Fundi alivyonifundisha, nimelipa kidogo.

Jumatatu theluji ilishuka usiku kucha. Asubuhi niliupitia tena ule mteremko, safari hii na mashine mbili nyuma. Nilifika juu nikasimama kabisa, nikawasha taa za tahadhari, nikajaribu breki kabla hata ya kuanza kushuka. Likasimama. Nikashuka gia ya kwanza, katikati nikakanyaga tena. ABS ilitetemesha pedali, likasimama. Kwenye kivuko kulikuwa na watoto wawili na bibi mmoja, nikawasubiri wapite. Nimekaa pale kidogo hata baada ya wao kupita.

Swali moja limebaki. Upepo. Nilijaza psi 55 nyuma ndani ya karakana, leo asubuhi napima nakuta 47. Nina pancha mahali?

#23 Fundi_Ringi

Nimefurahi mkuu, kutoka moyoni.

Huna pancha kama yote mawili yameshuka sawa. Hewa ikipoa inanywea. Karakana ina nyuzi kama 20, nje leo ni hasi 15 au karibu na hapo. Kwa presha ya vani, tofauti hiyo peke yake inameza psi 8. Jaza asubuhi, gari likiwa limelala nje, kabla hujaendesha. Pima kila baridi inapobadilika sana. Tairi la vani lenye upepo pungufu chini ya mzigo linakaanga ubavu hata siku ya theluji.

Je, nati ulizirudia? Ringi ya chuma iliyotoka kusuguliwa kutu hukaa upya ikishatembea. Kilomita 50 hadi 100 baada ya kufunga, kaza tena kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, kwa mpangilio wa msalaba. Kama umetembea wiki tano bila kuzigusa, zikaze leo kabla ya safari yoyote.

#24 Mzigo_Mwepesi

Nilizikaza siku ya pili, moja ilizunguka robo. Nitazirudia leo. Upepo nimejaza. Asanteni wote.

#25 Dereva_wa_Alfajiri

Wadau, na mimi nina langu. Nyuma yangu yana milimita 7, ya mwaka juzi. Baada ya kusoma kisa cha dada Bint_Safari na huo mteremko, leo nimeagiza mawili ya aina ileile kwa ajili ya mbele. Fundi, nikiyapokea nayafunga tu mbele, sivyo?

#26 Fundi_Ringi

Hapana ndugu yangu. Yenye meno marefu zaidi hukaa nyuma, ili gari lisikuzungukie kwenye kona. Hamisha hayo ya milimita 7 yaende mbele, mapya yafunge nyuma. Angalia mshale wa mwelekeo ubavuni kabla hujakaza.